Walimu wa Kabete Walikuja Shule na Watoto Wao

Wasee, kuna maneno mathe aliambiwa kwa matatu wiki jana na bado yananikereketa. Alikuwa amebeba vitabu vyake vya kozi, jamaa fulani wa rika lake akacheka: "Mama, saa hizi ndio unasomea ualimu? Si umalize kulea watoto kwanza." Mathe alinyamaza. Mimi nimeshindwa, ndio maana leo tunaenda historia.

Ukipita Lower Kabete utaona Kenya School of Government, pale maafisa wa serikali huenda kozi. Zamani ilikuwa Kenya Institute of Administration. Na kabla ya hapo, kuanzia 1925, kulikuwa na Jeanes School. Jina lilitokana na Anna T. Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia aliyetoa dola milioni 1 mwaka 1907 zisaidie shule za watu weusi mashambani kusini mwa Marekani. Serikali ya kikoloni iliiga ule mpango, pesa za Carnegie zikasaidia, shule ikafunguliwa Kabete.

Sasa sikiza hii. Hawakutafuta vijana waliotoka tu darasani. Walitafuta watu ambao tayari walikuwa walimu vijijini, wanaume wenye bibi na watoto, na wakawaleta na familia zao. Walikaa kwa nyumba ndogo zilizojengwa hapo hapo shuleni. Mzee anasomea kuzunguka akisaidia shule za kijijini, mke anafundishwa mambo ya afya na ulezi, watoto wanacheza nje. Yaani miaka mia iliyopita, familia haikuwa kizuizi cha kusomea ualimu. Ilikuwa sehemu ya kozi!

Sisemi ilikuwa raha. Wakoloni walikuwa na nia zao, na elimu ya jembe na useremala wazee wetu wengi waliiona kama njia ya kuwazuia wasifike mbali. Pia ona vile mke alisomeshwa nyumba na mume akasomeshwa kazi. Hiyo nimeiona na sitajifanya sijaiona. Lakini kuhusu mtu mzima mwenye watoto kurudi kusoma, walielewa kitu ambacho yule jamaa wa matatu hajaelewa: atahitaji mahali pa kulala na watoto wake.

Ruka hadi Jamhuri ya 1973. Mzee Kenyatta akatangaza karo iondolewe kuanzia darasa la 1 hadi la 4. Januari 1974 watoto wakafurika. Idadi ya wanafunzi wa msingi ilitoka karibu milioni 1.8 ikafika karibu milioni 2.8, kwa mwaka mmoja tu. Nani angewafundisha? Kabla ya hapo walimu walikuwa kama 56,000, na kama 12,600 kati yao hawakuwa na mafunzo. Kufikia 1975 walimu walikuwa karibu 90,000, na wasio na mafunzo wakawa karibu 40,000. Hao ndio watu wa mtaa walikuwa wakiwaita UT. Kama babu au nyanya yako alisoma miaka hiyo, kuna uwezekano mkubwa alifunzwa kusoma na UT.

Na hao UT walikuwa watu na maisha yao. Wengine walikuwa na mashamba, ndoa, watoto wa kunyonya. Walifundisha mchana na kusomea kazi yenyewe wakati wa likizo. Hata kabla ya hiyo 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo chake huko Kikuyu kilichofundisha walimu kwa njia ya posta, na vipindi vikapitia redio ya Sauti ya Kenya. Hebu fikiria mama na redio moja ya betri, mtoto mgongoni, anaandika noti za hesabu kabla betri iishe. Leo mtu akisomea kwa simu tunadhani ni mambo mapya.

Mlango ulianza kubana baadaye. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha uajiri wa walimu, na watu waliotoka vyuoni wakiwa na cheti mkononi wakakaa nyumbani. Foleni ikawa ndefu. Halafu kuna miaka: kuna wakati matangazo ya kazi ya TSC yalikuwa yakitaka mtu asiyezidi 45. Umri wa kustaafu nao ulisongezwa 2009 kutoka 55 hadi 60. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa 46 alikuwa na miaka 14 ya kufundisha, lakini kwa tangazo kama hilo hangeweza kuanza. Najua maneno ya pensheni, na si upuzi. Lakini 14 ni mingi, buda. Hiyo ni darasa zima kutoka chekechea mpaka fomu four.

Mathe ana miaka 43. Alifundisha kwa shule ya kibinafsi miaka mingi bila cheti, kwa mshahara wa kuchekesha, kisha akaingia kozi ya likizo: Aprili, Agosti, Desemba. Anamaliza mwaka ujao akiwa 44. Unaona vile kalenda imekaa.

Na nisijifiche. Mwaka alioingia ndio mwaka mimi niliacha chuo. Pesa ya nyumba haingetosha karo mbili. Yeye alitaka kuacha, nikamwambia aendelee, nikaanza kushika kamera. Wengine husema nilikuwa mvivu. Kidogo ni kweli, masomo yangu sikuyapenda vile yeye anapenda yake. Nimemwona saa sita usiku akitengeneza chati za silabi kwa katoni za maziwa, lastborn amelala kwa mapaja yake. Sasa video zikilipa, sehemu inaenda karo yake.

Agosti hii anaenda wiki 3. Nyumba ndogo za familia kama zile za Kabete hazipo huko, anakaa kwa hosteli na wasichana wa miaka yangu. Kwa hivyo lastborn nabaki naye mimi. Ugali nishajua. Sukuma bado inaungua, na ameshaanza kuuliza kama siku za mathe kurudi zimebaki ngapi.