Boriti, Tani na Tope

Uendelevu hufasiliwa vitabuni kwa sentensi moja: kuvuna kisichozidi kile ambacho maumbile yanaweza kurudisha. Fasili hiyo haina kosa, ila inaruka swali gumu: kinachovunwa na kinachorudi vinapimwa kwa kipimo gani? Makala hii inadai kuwa kipimo ndicho kinachoamua kitakachohifadhiwa, na ushahidi wake ni mikoko ya pwani ya Kenya.

Kwa karne nyingi mkoko ulipimwa kwa unene. Wakataji wa Lamu wana jina la kila daraja: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo iliyotawala. Majahazi yaliipakia kwenda Ghuba, na vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba kwa kufuata urefu wake. Hata leo, anayeingia nyumba kongwe ya Lamu na kuinua macho darini anaona msitu uliolazwa, miti yote imenyooka. Na hapo ndipo penye shida. Mkataji huchagua ulionyooka wenye unene wa biashara, akaacha uliopinda. Ukihesabu miti, msitu upo. Ukiingia ndani, ni makombo.

Tena miti ya msitu wa mikoko haifanani. Mchu ukikatwa, kisiki huchipua. Mkoko wenyewe, yaani Rhizophora mucronata, hauna uwezo huo: ukishakatwa shina, kisiki hufa. Tegemeo lake ni mche uliokwisha kuota ungali mtini, unaodondoka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji. Basi kanuni moja ya mavuno kwa miti yote, hata ikikokotolewa kwa uangalifu, itaufaa mchu na kuumaliza mkoko. Katazo la mwaka 1982 la kusafirisha boriti nje ya nchi lilibana soko, kipimo halikukigusa. Tungependa kuona leseni ya ukataji inayotaja aina ya mti kabla ya kutaja unene wake.

Kipimo cha pili kimekuja karibuni. Huko Gazi, Kwale, msitu uliokatwa miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda ulianza kupandwa upya na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza kuuza kaboni ya hekta 117. Fedha zake zimesaidia maji na elimu katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Tani ya kaboni ina sifa moja ambayo boriti haina: imetufundisha kutazama chini. Lichote tope la mikoko kwa kiganja, ni jeusi na linanuka yai viza. Harufu hiyo ni dalili kwamba oksijeni haifiki, kwa hiyo majani na mizizi haviozi upesi, na sehemu kubwa ya kaboni ya msitu imelala humo.

Lakini tani haiezeki nyumba. Mwenye kujenga bado anahitaji pau, na akizuiwa hapa, shoka lake litahamia ghuba ya jirani. Wenye mradi waliliona hilo mapema, ndiyo maana walipanda mivinje ya kukatwa badala ya mikoko. Ni suluhisho la busara, ingawa fundi wa pwani atakwambia kuwa mvinje haustahimili mchwa kama mkoko.

Vipimo vyote viwili vina upofu mmoja: vinaishia kwenye mpaka wa msitu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo kutoka mashamba ya bara hadi mkono wa bahari wa Mwache, karibu na Mombasa. Udongo ukafukia mizizi ambayo mikoko huvutia hewa, na miti ikafa imesimama. Hakuna leseni iliyokiukwa. Kosa, kama lilikuwapo, lilitendwa na majembe ya watu ambao huenda hawajawahi kuuona mkoko.