Wafungwa wa Luzira walioipeleka serikali mahakamani

Mwaka 1982 mahakama nchini Uganda ilimhukumu Edward Edmary Mpagi, kijana wa Masaka, kunyongwa hadi kufa. Alihukumiwa pamoja na binamu yake. Walidaiwa kumwibia mwanamume mmoja na kumuua. Mwanamume huyo alikuwa hai.

Binamu huyo alifia gerezani. Mpagi mwenyewe alibaki Luzira, gereza kuu lililo kando ya Ziwa Victoria jijini Kampala, katika sehemu ya wanaosubiri kitanzi. Ndugu zake walihangaika huku na huko wakitaka wakubwa wakubali jambo ambalo kijijini lilikuwa linajulikana. Hata ilipobainika kwamba anayeitwa marehemu anapumua, miaka iliendelea kupita. Mpagi alitoka Julai 2000, baada ya miaka zaidi ya 18, kwa msamaha wa Rais, ilhali hakuwa na kosa la kusamehewa.

Kwa miaka hiyo yote aliona wenzake wakichukuliwa. Aliyefikiwa na zamu alitengwa na kupimwa uzito, kwa sababu urefu wa kamba hutegemea uzito wa mtu. Waliobaki seli walijua kinachoendelea, na siku nyingine wakasikia. Aprili 1999 walinyongwa watu 28. Mpagi alikuwa bado humo ndani.

Ninaanza na habari zake kwa sababu harakati za kupinga adhabu ya kifo nchini Uganda mara nyingi husimuliwa kama kazi ya mawakili na wafadhili. Mawakili walifanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Lakini sauti iliyowagusa watu ilikuwa ya waliolala chini ya kitanzi. Gerezani Mpagi alikuwa mwalimu wa wenzake. Alipoachiwa alizunguka shuleni na mikutanoni akisimulia yaliyompata, akishirikiana na Foundation for Human Rights Initiative, shirika la haki za binadamu lililoanzishwa Kampala mwaka 1991 na kuongozwa na Livingstone Sewanyana. Aliwakumbuka pia watoto wa waliohukumiwa, ambao jamii huwanyoshea vidole kwa kosa lisilo lao.

Mwaka 2003 wafungwa wenyewe wakachukua hatua ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana katika eneo letu la Afrika Mashariki. Zaidi ya 400 waliohukumiwa kunyongwa walifungua shauri la pamoja katika Mahakama ya Katiba dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jina lililotangulia lilikuwa la mwanamke, Susan Kigula, aliyehukumiwa mwaka 2002 kwa kumuua mwenzi wake. Shauri likabeba jina lake, na hadi leo wanafunzi wa sheria wanalisoma kwa jina hilo.

Walidai mambo mazito. Kwanza, adhabu ya kifo yenyewe inavunja Katiba. Pili, si haki sheria kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa kuua, bila kumsikiliza juu ya maisha yake na mazingira ya kosa. Tatu, kumweka mtu miaka na miaka akingoja kufa ni mateso juu ya adhabu.

Juni 2005 Mahakama ya Katiba ilikataa dai la kwanza, ikakubali mengine mawili. Serikali ilikata rufaa, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikasimama pale pale: jaji hawezi kufungwa mikono, na mtu ambaye miaka mitatu imepita tangu hukumu yake ithibitishwe na mahakama ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake inageuka kuwa kifungo cha maisha. Kwangu mimi, hiyo miaka mitatu ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika hukumu ile, maana majaji walikiri kwamba kungoja nako kunaua.

Kigula alirudishwa mahakamani, akasikilizwa upya, na mwaka 2011 akapewa kifungo cha miaka 20. Gerezani alisomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London na kuwasaidia wafungwa wenzake kuandika rufaa zao. Alitoka huru Januari 2016.

Hukumu ya shauri lake ilivuka mpaka. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikiketi Mombasa, iliitaja ilipofikia uamuzi unaofanana nayo kuhusu hukumu ya kifo ya lazima, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ikamaliza ubishi katika kesi ya Muruatetu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania kwamba hukumu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi.

Dai la kwanza la wafungwa wa Luzira halijapata jibu walilolitaka. Adhabu ya kifo ingali katika sheria za Uganda, na mahakama zimeshasema kuiondoa ni kazi ya Bunge. Wabunge wanayo kesi ya Mpagi mezani. Wajiulize nani angemrudishia uhai wake kama zamu yake ingefika mwaka 1999.