Kubisha Hodi kwa Mwigizaji

Mwigizaji mwenye jina jijini Dar es Salaam hupokea ujumbe wa WhatsApp ambao ni uleule, hata watumaji wakiwa tofauti: "Mambo dada, kuna kazi moja kali sana, nimeona wewe tu ndiye unaifaa, tuongee." Filamu haitajwi jina, siku za kushuti hazijulikani, malipo hayaguswi, na mswada "tunaumalizia". Mtumaji mara nyingi ni kijana mwenye kipaji cha kweli na kamera ya kuazima. Akikaa wiki mbili bila jibu, anakwenda kijiweni kusema mastaa wetu wanaringa.

Siamini kama ni kuringa. Mwigizaji anayekula kwa kazi hiyo, popote alipo duniani, akifuatwa na mtu asiye na kampuni kubwa nyuma yake, ana swali moja linalotangulia yote: hii filamu ipo kweli, au ni maneno? Kila nchi yenye sinema imejitengenezea namna yake ya kulijibu.

Marekani wanalijibu kwa karatasi. Mwigizaji mwenyewe humpigii simu, unamwandikia wakala wake, ambaye kwa desturi hula asilimia 10 ya malipo ya mteja na kwa hiyo hana haja ya kupoteza asubuhi nzima kwa kazi isiyo na fedha. Ni mshenga wa upande wa pili: bila barua ya posa yenye kishika uchumba ndani, hafungui mlango. Barua yenyewe hutaja nafasi, tarehe, malipo, jina la mwigizaji litakaa wapi kwenye filamu, na siku ya mwisho ya kujibu. Nyuma ya wakala kuna chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, na kanuni yake ya kwanza humkataza mwanachama kufanya kazi kwa mtayarishaji asiyetia saini mkataba na chama hicho. Wengi huku hudhani kanuni hiyo ni kufuli la kuwazuia maskini. Sivyo. Chama kina mikataba maalumu ya filamu ndogo: zile zisizozidi dola 300,000, kisha hadi 700,000, kisha hadi milioni 2, na viwango vya malipo hupanda kwa ngazi hizo. Sharti ni kwamba chama kinaweza kumtaka mtayarishaji aweke kwanza amana ya mishahara, ndipo kamera iwashwe.

Kasoro yake inajulikana. Mwenye fedha anauliza nani anaigiza, na wakala anauliza fedha ziko wapi, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Ndiyo maana Wamarekani wenyewe, wakibanwa, huzungukia mlango wa uani. Quentin Tarantino alikuwa amepanga kuitengeneza Reservoir Dogs kwa dola 30,000, yeye na marafiki zake, kwa kamera ya milimita 16. Mtayarishaji wake, Lawrence Bender, alikuwa akisoma uigizaji. Mwalimu wake akampa mkewe mswada wa filamu hiyo, na mke huyo alikuwa akifahamiana na Harvey Keitel. Keitel aliusoma, akapiga simu, akaacha ujumbe kwamba angependa wazungumze. Aliingia kama mwigizaji na mtayarishaji mwenza, hata akagharamia safari ya kwenda New York kufanya usaili wa waigizaji wengine. Bajeti ikapita dola milioni moja, na mwaka 1992 filamu ikatoka.

Kisa hiki husimuliwa kwa vijana kama ushahidi kwamba bahati na watu wa kujuana nao ndio kila kitu. Mimi naona kinathibitisha jambo jingine. Kilichopita mlango wa uani mikononi mwa mke wa mwalimu kilikuwa mswada mzima, wa kusomwa mwanzo hadi mwisho. Angepewa "kuna kazi moja kali sana", Keitel asingekuwa na cha kusoma. Tena Keitel huyo aliingia kwenye sinema kwa kujibu tangazo la gazetini la mwanafunzi aliyeitwa Martin Scorsese, wakati huo Keitel mwenyewe akiwa karani wa kunakili mwenendo wa kesi mahakamani.

Calcutta ya miaka ya 1950 haikuwa na karatasi hizo. Satyajit Ray, mchoraji wa matangazo ya biashara aliyekuwa hajawahi kuongoza filamu, alihitaji bibi kizee wa kucheza Indir Thakrun katika Pather Panchali. Alielekezwa kwa Chunibala Devi, mwigizaji wa jukwaani wa zamani ambaye dunia ilikuwa imekwisha kumsahau. Umri wake ulikaribia miaka 80, na alikuwa akiishi katika mtaa wa makahaba. Ray hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akakaa, akauliza mambo ambayo mwongozaji yeyote mwenye bajeti ndogo anapaswa kuyauliza: Utaweza kuamka asubuhi, ukasafiri maili kumi na tano hadi kijijini, ukashuti, ukarudi? Utaweza kushika maneno? Kwa hilo la pili alimwomba amwimbie wimbo wa kubembelezea watoto, na yule bibi akauimba kwa beti nyingi kuliko alizozijua Ray mwenyewe. Malipo yalikuwa rupia 20 kwa siku.

Fedha zilikatika mara kadhaa, Ray akauza vitabu na santuri, vito vya mkewe vikawekwa rehani, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ikaingia. Baadaye Ray alisema miujiza mitatu ndiyo iliyomwokoa: sauti ya mtoto Apu haikuvunjika, dada yake Durga hakukua, na bibi hakufa. Chunibala alifariki mwaka 1955, filamu ikiwa bado haijatoka. Hapa uhakika wa filamu ulikuwa mtu mwenyewe aliyekuja hadi mlangoni, na zile rupia 20 za siku.

Lagos hali ilikuwa nyingine. Baada ya Living in Bondage ya 1992, sinema ya kanda za video iliendeshwa na wafanyabiashara wa masoko ya Idumota, Alaba na Onitsha. Mwigizaji hakuwa mgumu kumpata, kwa kuwa mlango wenyewe ulishikwa na mwenye duka. Mwaka 2004 wafanyabiashara hao walipoona mastaa wanadai fedha nyingi, waliwasusia Genevieve Nnaji, Omotola Jalade Ekeinde, Richard Mofe-Damijo na wengine. 

Bongo Movie ilirithi mengi ya Lagos. Msambazaji aliangalia kava kwanza: kuna sura ya staa kama Kanumba, au Ray wa Bongo? Basi mwongozaji alimfuata staa kwa ajili ya kava, na staa aliyejua hivyo alitaka chake mkononi kabla ya kupanda gari la lokesheni. Watu waliiita tamaa. Lakini mwigizaji asiye na wakala wala chama chenye meno angejilinda kwa nini kingine zaidi ya fedha taslimu? Mwaka 2018 Amri Athumani, King Majuto wetu wa Tanga, alipokuwa mgonjwa mahututi, mikataba yake ya matangazo ilizua mjadala nchi nzima hadi wizara ikaingilia kati. Aliyeuona mjadala ule hawezi kushangaa leo msanii akidai advansi.

Kinachonikera ni kizazi kipya kinachochukua msemo wa Marekani na kuiacha karatasi yake. "Tutakulipa filamu ikiuzwa" ni makubaliano halali kule kwa sababu kuna mkataba, kuna vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa, na kuna chama cha kukimbilia. Hapa asilimia 5 ya faida ambayo hakuna atakayeihesabu ni sawa na kufanya kazi bure.

Kijana asiye na fedha ana vya kubeba hata hivyo. Aende na mswada uliokamilika, na kibali cha Bodi ya Filamu ambacho sheria ya 1976 inamtaka awe nacho kabla ya kushuti. Aandike idadi ya siku: nne, si "kama wiki hivi". Ataje kiasi kidogo cha kila siku, kinacholipwa jioni ileile, pamoja na nauli na chakula. Na ikiwa anayemfuata ni mama aliyeigiza tangu enzi za michezo ya redio, aache "mambo dada", aombe siku ya kufika nyumbani, aanze na shikamoo, kisha anyamaze amwache mama asome.