Mzee anaposimulia maisha yake

Majumbani mwetu mara nyingi twasikia: «Babu ameanza tena!» Mzee anarudia habari ile ile, nasi twadhani akili yake imechoka. Hata madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walidhani hivyo hadi katikati ya karne ya 20. Kwao, kuzungumza sana juu ya mambo ya kale kulikuwa dalili ya udhaifu wa akili.

Mwaka 1963, Robert Butler, daktari Mmarekani wa magonjwa ya akili, alipinga wazo hilo. Yeye mwenyewe alilelewa na babu na bibi yake, kisha alishiriki utafiti juu ya wazee wenye afya. Aliona kwamba mzee hutazama nyuma ili kuyapima maisha yake, na kutafuta amani na yale yasiyotengenezwa. Kazi hiyo aliiita mapitio ya maisha. Kabla yake, mwaka 1950, Erik Erikson alikuwa ameandika kwamba uzee una mtihani wake: kuyapokea maisha jinsi yalivyokuwa, au kukata tamaa.

Lakini Butler hakusema kwamba kila kumbukumbu huponya. Aliona pia wazee walioangukia majuto na hofu. Ndiyo maana msikilizaji ni wa lazima. Baadaye, James Birren alianzisha vikundi ambamo wazee waliandika kurasa chache juu ya jamaa au kazi zao, wakasomeana. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba masimulizi yenye kuongozwa vema hupunguza huzuni ya kudumu.

Wazee wetu wa Kongo wana mengi ya kupima. Waliozaliwa kabla ya 1960 waliona uhuru, wakaona nchi ikiitwa Zaire mwaka 1971, na Kongo tena mwaka 1997. Mwaka 1972 waliamriwa kuacha majina yao ya Kikristo. Mtu aliyeishi kwa majina mawili anahitaji nafasi ya kueleza ni nini kilichobaki kile kile ndani yake.

Basi, babu akianza tena, tusimkatize, wala tusimlazimishe kufungua kidonda. Tumwulize swali ambalo pengine hajaulizwa bado: «Babu, siku ile moyo wako ulikuwaje?» Akilia, tusikimbie, tuketi naye.