Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa: Mtihani wa Kitabibu na Kimaadili kwa Wataalamu wa Afya

Na Mwandishi Wetu

Mama anafika katika kituo cha afya akiwa amembeba mtoto mwenye homa. Kipimo cha haraka kinaonesha kuwa mtoto hana malaria. Maabara ya kituo haina uwezo wa kuotesha vimelea, foleni nje ya mlango ni ndefu, na mama hataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Tabibu anachukua kalamu na kuandika antibiotiki.

Uamuzi huo wa dakika chache, unaorudiwa kila siku katika vituo vingi, ndio kiini cha mojawapo ya masuala mazito yanayoikabili taaluma ya tiba hivi sasa: usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaojulikana kwa kifupi kama UVIDA.

Maana na ukubwa wa tatizo

UVIDA hutokea pale bakteria, virusi, fangasi au vimelea vingine vinapobadilika na kuweza kuishi mbele ya dawa iliyokuwa ikiviangamiza. Ieleweke kuwa kinachokuwa sugu ni kimelea, si mwili wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye hajawahi kutumia dawa isivyo sahihi anaweza kuambukizwa kimelea ambacho tayari ni sugu.

Hatari hii ilitabiriwa mapema. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kuwa dozi pungufu huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Kiwango cha juu zaidi cha vifo kilikuwa katika nchi za Afrika Magharibi zilizo kusini mwa Sahara.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionesha kuwa watoto waliolazwa wakiwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu walifariki kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha watoto wenye malaria. Usugu wa bakteria hao ulikuwa miongoni mwa viashiria vya kifo.

Kipimo kilichotatua tatizo moja na kuibua jingine

Vipimo vya haraka vya malaria vimepunguza matumizi yasiyo ya lazima ya dawa za malaria. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ, uliohusisha nchi kadhaa ikiwemo Tanzania, ulibaini kuwa takribani asilimia 70 ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa antibiotiki. Homa nyingi za aina hiyo husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haviviui.

Pande mbili za wajibu

Maadili ya tiba humtaka mtaalamu kumnufaisha mgonjwa, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake na kutenda haki kwa wote. Katika suala la UVIDA, misingi hiyo inaweza kugongana. Mgonjwa aliye mbele ya daktari ana jina na sura. Yule atakayekosa dawa ya kumponya miaka mitano ijayo bado hajulikani. Ni rahisi kumsahau wa pili.

Kumnyima dawa mgonjwa anayeihitaji nalo ni kosa. Mgonjwa mwenye dalili za sepsisi hawezi kusubiri siku mbili au tatu za majibu ya maabara. Aanzishiwe tiba bila kuchelewa, sampuli zichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza pale inapowezekana, na dawa ibadilishwe au isitishwe majibu yanapotoka. Uadilifu hapa ni kurudi kwenye faili la mgonjwa na kuupitia upya uamuzi wa awali.

Lipo pia suala la kipato. Mgonjwa asiyemudu gharama hununua nusu dozi, na muuzaji anayetegemea mauzo hupata ugumu kukataa. Vivyo hivyo, zawadi kutoka kwa wauzaji wa dawa zinaweza kupindisha kalamu ya mwandikaji bila yeye mwenyewe kutambua.

Nyenzo zilizopo

Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu: zinazopaswa kupatikana kwa urahisi na kutumika kwanza, zinazohitaji uangalizi, na za akiba zinazotumika pale nyingine zinaposhindwa. Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliazimia kuwa ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu duniani zitoke kundi la kwanza. Tanzania ilikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa mwaka 2017 hadi 2022, uliofuatiwa na wa mwaka 2023 hadi 2028.

Mambo ya kuzingatia kazini

Mtaalamu anashauriwa kufuata Mwongozo wa Taifa wa Matibabu. Kuandika katika faili sababu ya kutoa antibiotiki, dozi na tarehe ya kukoma. Kutokutoa dawa ya akiba bila kushauriana na wenzake. Na kunawa mikono kabla na baada ya kumhudumia kila mgonjwa, kwani maambukizi yaliyozuiwa hayahitaji dawa.

Muhimu kuliko yote ni mazungumzo. Mama aliyeelezwa kwa nini mtoto hahitaji antibiotiki, dalili zipi za hatari azitazame, na lini arudi kituoni, haondoki mikono mitupu. Amepewa huduma. Maelezo hayo huchukua dakika chache zaidi ya kuandika cheti, lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.