Walimu wa Mpanda: Tarikh ya Kazi Kubwa na Shukrani Haba

Tarehe 5 Oktoba mwaka 1966, mjini Paris, mataifa yalipitisha Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani juu ya hadhi ya walimu, hati iliyotamka kwamba mwalimu astahili ujira wa kumkimu, masharti mema ya kazi na hishima ya watu anaowatumikia; na kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo iliyofanywa Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994, yafaa kila inaporudi tuipime ahadi ile hapa Mpanda, inapokoma reli itokayo Kaliua, ambako kwa miaka mingi mwalimu aliyeandikiwa barua ya kupangiwa kazi aliagwa na jamaa zake kama mtu aendaye ng'ambo.

Tarikh yenyewe yaanzia Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Huko ndiko alikofanya kazi Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Timbuktu, aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akawa tabibu na mwalimu wa dini hapo Karema kwa muda unaokaribia miaka 70, hata alipofariki mwaka 1956. Baadaye mgodi wa risasi ukaleta reli na mji wa Mpanda. Uhuru ukaleta serikali iliyoongozwa na mwalimu aliyeiacha kazi ya darasani Pugu mwaka 1955, na ambaye hata alipokuwa rais hakutaka kuitwa kwa cheo kikubwa zaidi ya kile cha Mwalimu.

Lakini waulize wastaafu wa ualimu wa mkoa huu wa Katavi wapi kazi yao ilipokuwa nzito kupita kiasi, nao watakupeleka moja kwa moja hadi mwaka 1974. Mwaka ule Mpanda ilitiwa katika mkoa mpya wa Rukwa, Katavi ikafanywa Hifadhi ya Taifa, na mwezi wa Novemba Halmashauri Kuu ya TANU, ikiketi Musoma, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imekusudiwa kutimia mwaka 1989, itimie mwaka 1977. Miaka kumi na miwili ilikatwa kwa kikao kimoja, na mzigo wake ukaangukia mabega ya walimu ambao hawakuwapo bado.

Palikuwa na hoja pande zote mbili. Waliojali ubora walisema kwamba mwalimu hafinyangwi kwa pupa, na kwamba vyuo vilivyokuwapo haviwezi kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Waliojali haki wakajibu kwamba mtoto wa kijijini hawezi kuambiwa angoje chuo kijengwe, kwani atakapoitwa amekwisha kuwa mtu mzima. Upande wa pili ukashinda. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundishwa ualimu humo humo vijijini kwa muda wa miaka mitatu: asubuhi walishika chaki mbele ya madarasa ya chini, mchana wao wenyewe wakawa wanafunzi, wakisoma masomo ya posta, wakisikiliza vipindi vya redio, wakimsubiri mkufunzi aliyezunguka shule hata shule kwa baiskeli, na mwishoni wakaingia chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani. Zaidi ya 35,000 walifuzu nchini kote kwa njia hiyo.

Katika wilaya iliyozidi kilomita za mraba 45,000, yenye miombo na mbung'o, taklifu ile ilikuwa na uchungu wake wa pekee. Kuufuata mshahara mjini kuliweza kumla mwalimu siku kadhaa za njia. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imejengwa kwa nguvu za wanakijiji. Na jioni, baada ya watoto, waliingia wazee wa kisomo cha watu wazima, nao wakitaka kushikwa mkono hadi herufi zikae sawa. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa wasiojua hawafiki asilimia 10. Na malipo ya kazi hiyo yalikuwa nini? Wajuvi wa mjini wakazifasiri herufi za UPE, kifupisho cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na dhihaka hiyo ikatamkwa kwa ufasaha na watu waliofundishwa kusoma na wale wale waliokuwa wakidhihakiwa.

Miongo iliyofuata haina mengi mapya isipokuwa marudio. Shule za sekondari za kata zilipochipuka kwa haraka katikati ya miaka ya 2000, walimu waliofundwa kwa majuma machache walipachikwa jina la Vodafasta, kwa mfano wa vocha ya simu. Mwaka 2009 mkuu mmoja wa wilaya huko Bukoba aliamuru walimu wachapwe viboko kwa matokeo mabaya ya wanafunzi wao, akavuliwa madaraka. Mwaka 2012, mwaka uo huo Katavi ilipozaliwa kuwa mkoa, Chama cha Walimu kiliitisha mgomo, kikidai pamoja na mengine posho ya mazingira magumu, na mahakama ikauzima baada ya siku chache. Tangu mwaka 2016 ada zimeondolewa, madarasa yamefurika, na mwenye kuyabeba ni yule yule.

Mara tatu, basi, dola imekuwa na haraka, na mara tatu haraka hiyo imelipiwa na mwalimu, kisha upungufu wa haraka ukaandikwa kuwa upungufu wake. Insafu yataka hesabu hiyo igeuzwe. Nyumba ya mwalimu ijengwe pamoja na darasa, si miaka kumi baadaye. Malimbikizo na nauli za likizo zilipwe bila mtu kuacha kipindi ili afuatilie ofisini. Na kila halmashauri ya mkoa huu iyaandike majina ya walimu wa UPE walio hai bado, shule walizofungua na miaka waliyotumikia, kabla masimulizi yao hayajazikwa nao. Hotuba za Oktoba zitakuwa na maana pale tu zitakapofuatiwa na hayo.