Mgeni, mwenyeji na kipimo: Historia ya mashine pepe na funzo lake kwa walimu

Methali zetu kuhusu mgeni ni nyingi. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” humsifu. “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe” humwekea mipaka. Nayo “Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho” humfunza kufuata desturi za anakofikia. Wataalamu wa tarakilishi waliyatwaa maneno hayo mawili, mgeni na mwenyeji, wakayajengea taaluma nzima. Katika makala ya leo nitaisimulia historia ya taaluma hiyo, yaani mashine pepe, kwa jicho la mtu wa lugha. Swali langu ni hili: mwenyeji akibadilika, vipimo tulivyomwandalia mgeni vitabaki kuwa vya haki?

Tuanze na maneno yenyewe. “Pepe” wengi tumeizoea kupitia barua pepe. Lakini wakulima wa mpunga waliijua zamani: pepe ni punje tupu, ganda lisilo na kitu ndani. Ikiwa bado shukeni, ni vigumu kuitofautisha na punje nzima. Mashine pepe nayo ni vivyo hivyo. Kwa nje ni tarakilishi kamili, ina prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao. Lakini ukitafuta chuma chake hukipati. Yote hayo huigizwa na programu ndani ya tarakilishi nyingine. Tarakilishi hiyo halisi ndiyo mwenyeji, na mfumo endeshi unaoishi ndani ya mashine pepe ndio mgeni.

Baina yao yupo anayegawa vyumba na kuhakikisha kwamba mgeni mmoja haingii chumba cha mwenzake. Huyo huitwa haipavaiza. Jina hilo lilianza kutumika IBM katika miaka ya 1960. Kiini cha mfumo endeshi tayari kilikuwa kikiitwa msimamizi, kwa hiyo aliyemsimamia msimamizi alihitaji jina la juu zaidi. Kwa Kiswahili cha mashambani tungesema nyapara wa manyapara. Mimi nitamwita msimamizi, basi.

Msimamizi wa mwanzo alitengenezwa katika kituo cha IBM cha Cambridge, Massachusetts, chini ya uongozi wa Robert Creasy. Mfumo wake, CP-40, ulianza kutumika Januari 1967. Tarakilishi za siku hizo zilijaza chumba na kugharimu mali nyingi. Nani angekubali izimwe ili mtu ajaribu mfumo mpya ambao huenda ungeangusha kazi ya kila mtu? Mashine pepe ikaleta dawa: jaribu humo, na ukiharibu, aanguke mgeni peke yake. Agosti 1972 IBM ikawatangazia wateja wake VM/370. Ikumbukwe basi kwamba kujaribu ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za mashine pepe.

Mwaka wa 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyoweka masharti matatu ya msimamizi wa kweli. La kwanza ni ufanano: programu iwe na tabia ileile ambayo ingekuwa nayo kwenye mashine halisi. La pili ni ufanisi: amri nyingi zitekelezwe na prosesa moja kwa moja. La tatu ni udhibiti: funguo zote za rasilimali zibaki mkononi mwa msimamizi. Hata hivyo, kwenye ufanano waliacha milango miwili wazi, yaani wakati na kiasi cha rasilimali. Mgeni aweza kuona mambo yakichukua muda tofauti, au kumbukumbu ikiwa ndogo kuliko ya mashine tupu. Tuishike hoja hiyo. Tutaihitaji hivi punde.

Tarakilishi ndogo za mezani hazikuyatimiza masharti hayo kwa wepesi, kwa sababu prosesa zake zilikuwa na amri zilizompita msimamizi bila kumbishia hodi. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, ilitatua tatizo hilo kwa kuzitafsiri amri hizo papo hapo mgeni akiendelea na kazi. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka wa 2003, ilifuata njia ya chongo: mgeni mwenyewe alifanyiwa marekebisho ili ajue kwamba yuko ugenini na aombe huduma kwa adabu. Kuanzia 2005 Intel, kisha AMD, zikatia msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zenyewe, na mgeni akaweza tena kufumbua macho yote mawili.

Hapo ndipo Afrika inapoingia kwenye hadithi. Huduma ya Amazon ya kukodisha mashine pepe, EC2, iliyofunguliwa Agosti 2006, ilijengwa na kikosi kilichofanya kazi Cape Town kikiongozwa na Chris Pinkham. Msimamizi wake alikuwa Xen. Miezi michache baadaye, Februari 2007, msimamizi mwingine aliyeanzishwa na Avi Kivity, KVM, aliingizwa ndani ya Linux toleo la 2.6.20. Mwenye Linux akawa na msimamizi nyumbani bila kununua chochote.

Sasa tufike kwenye kiini. Novemba 2017 Amazon ilizindua seva za C5 zenye msimamizi mpya aliyejengwa juu ya KVM. Mgeni alikuwa Linux yuleyule na programu zilezile, ila majina ya vyombo vya nyumbani yalibadilika. Diski iliyojulikana kama xvda ikaja kuitwa nvme0n1. Ile herufi x ilikuwa ya Xen: jina la diski lilikuwa limebeba jina la mwenyeji! Skripti iliyoandikwa “nenda kwenye xvda” ilifika ikakuta hakuna mtu wa jina hilo, ikatangaza kwamba mgeni ni mbovu. Mgeni alikuwa mzima kabisa.

Dawa mojawapo ya maradhi haya ilikwisha kuanzwa 2005, nayo ni maktaba ya programu iitwayo libvirt. Mwanzoni ilizungumza na Xen. Baadaye ikajifunza KVM na wengineo. Kazi yake ni ya ukalimani. Skripti husema jambo mara moja, na mkalimani hulifikisha kwa lugha ya msimamizi aliyepo.

Lakini kila aliyewahi kutafsiri anajua kwamba mkalimani hakuondolei wajibu wa kujua maana. Hapa Ngoingwa, mtaa wetu wa Thika kwenye barabara ya kuelekea Mang'u, nina majirani vijana waliohitimu masomo ya tarakilishi. Wametengeneza programu ya kuweka rekodi za maziwa ya wakulima wa chama cha ushirika. Kwa kuwa stima hupotea bila kuaga, jaribio lao kuu ni la kikatili: wanaiwasha mashine pepe, wanaingiza rekodi za kilo za maziwa, wanaikata umeme katikati ya kazi, wanaiwasha tena, kisha wanahesabu. Kilo moja ikikosekana, kuna mama fulani ambaye hatalipwa jasho lake.

Walianza na VirtualBox, wakahamia KVM. Amri ya zamani ya kukata umeme ilikuwa “poweroff”. Kwenye virsh, chombo cha amri cha libvirt, wakakuta mbili: “shutdown” na “destroy”. Aliyepewa kazi ya kurekebisha skripti akaliogopa neno la pili, kwani kwa Kiingereza cha kawaida maana yake ni kuangamiza. Akaandika la kwanza. Majaribio yote yakapita.

Mwenzake hakuridhika. “Wee, ngoja kwanza. Hata lile toleo bovu limepita?” Walikuwa wamehifadhi toleo la programu lililoharibiwa makusudi, ambalo lazima lipoteze rekodi umeme ukikatika. Nalo lilikuwa limepita! Sababu ni kwamba “shutdown” humwomba mgeni ajizime kwa utaratibu. Mgeni hupata nafasi ya kuandika kila kitu kwenye diski, kisha akalala. Ile “destroy” ya kutisha ndiyo hung'oa waya ukutani. Diski haiguswi, na mashine huweza kuwashwa tena. Anayetaka kuifuta mashine kwenye daftari la msimamizi hutumia amri nyingine kabisa, “undefine”. Tafsiri ya kamusi ilikuwa imeligeuza jaribio la dhoruba kuwa jaribio la upepo mwanana.

Waliporekebisha hilo, mlango wa wakati wa Popek na Goldberg nao ukafunguka. Skripti ilikuwa imeamriwa isubiri sekunde 30 mgeni aamke. Kwa msimamizi mpya muda huo haukutosha kila mara, na majaribio yakawa yanaanguka leo na kupita kesho. Wakaiondoa saa. Badala yake skripti ikawa inabisha hodi mara kwa mara hadi mgeni aitike, kwa kikomo kirefu cha uvumilivu. Mwishowe walitenga faili moja ya maneno yote yanayomhusu msimamizi: namna ya kuwasha, kukata umeme na kupata jina la diski. Maswali kuhusu kilo za maziwa yakabaki yalivyokuwa, bila neno hata moja la mwenyeji.

Je, sisi watu wa lugha tumewahi kubadilisha mwenyeji? Naam. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Mombasa kwenyewe Kimvita kilikuwa na washairi wake na maandishi yake tangu kale. Wamisionari, kuanzia Ludwig Krapf aliyefika 1844, walikuwa wamekitumia. Mara, kwa kipimo kipya, “ndia” ikawa si sanifu mbele ya “njia”, na “mato” mbele ya “macho”. Mtoto wa Mombasa alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni jina la diski.

Hapa ndipo naona makosa mawili tunayoweza kuyafanya hadi leo. La kwanza ni kosa la xvda. Swali la sayansi linauliza kazi ya jicho. Mtoto anaeleza sawasawa, ila anaandika “jito”, na mtahini anamnyima alama. Kipimo hicho kimempima mwenyeji kikamwacha mgeni. Katika somo la sarufi sanifu alama hiyo ni halali kuondolewa, kwa sababu huko neno lenyewe ndilo linaloulizwa. Katika sayansi ni dhuluma.

Kosa la pili ni la “shutdown”, na nalihofia zaidi kwa kuwa halina kelele. Ni pale tunapoutafsiri mtihani kutoka Kiingereza, au kuurekebisha kwa mtaala mpya, tukaulainisha hadi kila mtu anapita, kisha tukapigiana makofi. Mtoto aliyenyimwa alama hulalamika, na mzazi wake huja shuleni. Mtoto aliyepitishwa bila kujua hakuna anayemlilia, hadi siku stima itakapopotea kazini.

Kwa hiyo, walimu wenzangu mnaotunga na kutafsiri mitihani, igeni desturi ya vijana hao ya kutunza toleo bovu. Kabla ya kuutoa mtihani uliorekebishwa, andaeni karatasi mbili za majibu: moja ya mtoto anayelijua jambo lakini anasema kwa lahaja ya kwao, nyingine ya mtoto mwenye Kiswahili kinachong'aa asiyejua chochote. Zisahihisheni zote mbili kwa mwongozo wenu mpya. Ya kwanza ikianguka na ya pili ikapita, rudini mezani. Mtihani bado haujawa tayari.